Kabla ya kumwita mtegaji, mtazameni anayemsimamia

Ndugu Mhariri,

Mei Mosi ya mwaka 2025 pale Singida ilitangazwa kwamba kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, na watu walishangilia. Walikuwa na kila sababu. Lakini katika mabango ya Mei Mosi ni nadra kuona neno lolote juu ya mtu anayeamua siku ya mfanyakazi itakuwaje, yaani msimamizi wake wa karibu. Sisi tunaoandika barua hii tunafanya kazi ya utumishi na mahusiano kazini. Tunaomba nafasi katika ukurasa wako tuwaambie waajiri kwamba mengi ya mnayoyaita utegaji, uzembe na utovu wa nidhamu yana chanzo chenye jina na cheo, na ushahidi wake mnao tayari kwenye mafaili yenu.

Tuweke mpaka mapema, maana kila tukiligusa jambo hili wapo wanaosema tunataka kuwalea wafanyakazi. Msimamizi anayetaka ripoti Ijumaa saa 9 alasiri, anayerudisha kazi mbovu hata mara tatu, anayetoa onyo la maandishi kwa kosa lililothibitishwa, huyo anafanya kazi yake. Unyanyasaji tunaouzungumzia hapa ni uhasama unaorudiwarudiwa, na unamlenga mtu badala ya kosa lake. Mtafiti wa Marekani, Bennett Tepper, mwaka 2000 aliutengenezea kipimo: dodoso la vipengele 15, kila kimoja kikiuliza bosi hufanya jambo fulani mara ngapi. Anayedhani unyanyasaji ni matusi peke yake angeshangaa kukisoma. Humo mna kumdhihaki mtu mbele ya wenzake, kumnunia asimsemeshe, kumkumbusha makosa ya zamani, kumnyima mtu sifa ya kazi iliyomgharimu juhudi kubwa, kumbebesha mtu lawama ili bosi asiaibike, kuvunja ahadi, kudanganya. Kupiga hakumo kabisa. Kwa hiyo yuko bosi ambaye hajawahi kupandisha sauti hata siku moja, na bado akapata alama za juu katika dodoso hilo.

Tepper aligundua kwamba wafanyakazi wa mabosi wa namna hii huacha kazi zaidi kuliko wengine. Hilo halishangazi. La kuzingatia ni hali ya wanaobaki: kazi haiwaridhishi, maisha yenyewe hayawaridhishi, mambo ya kazini na ya nyumbani yanagongana, wana wasiwasi na huzuni. Na maumivu hayo yalikuwa makali zaidi kwa waliojiona hawana kwingine pa kwenda. Sentensi hiyo ya mwisho inatuhusu sisi kuliko watu wa nchi ulikofanyiwa utafiti huo. Hapa kwetu mhitimu anazunguka na bahasha miaka kadhaa ndipo anapata ajira. Akishaipata ana mdogo wake wa kumsomesha, ana mama kijijini, ana mkopo benki unaokatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Hawezi kuondoka. Bosi anajua kwamba hawezi kuondoka, na wapo wanaoyasema hayo waziwazi: "Mlango ule pale, nje wapo mia wanaoitaka nafasi yako." Mwajiri asiyeona watu wakiacha kazi asijidanganye kwamba pako shwari.

Madhara huanzia kwenye usingizi. Mtu akifokewa, mwili humwaga adrenalini na kotisoli, moyo hudunda, misuli hukaza. Likiwa tukio moja, baada ya muda mwili hutulia. Kwa bosi asiyetabirika mwili haupati nafasi ya kutulia. Mtu anaanza kujiandaa kwa ajili ya Jumatatu tangu Jumapili jioni, anatega sikio kujua ni viatu vya nani vinapita koridoni, anaamka saa 8 usiku kuangalia kama kuna neno kwenye kundi la WhatsApp la idara. Baada ya wiki kadhaa za usingizi mbovu ndipo yanafuata maumivu ya kichwa na mgongo, tumbo kuvurugika, presha kupanda, hasira za ghafla. Watumishi wa serikali mjini London wamefuatiliwa kwa miaka mingi katika utafiti wa Whitehall, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba wanaume walioona wakubwa wao wanawatendea haki walipata maradhi ya mishipa ya moyo kwa kiwango kidogo kuliko wale walioona hawatendewi haki. Na mambo haya hayaishii getini. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2006, ulihusisha wasimamizi, walio chini yao na watu wa familia zao, ukakuta kwamba anayenyanyaswa kazini huenda kuwamalizia hasira walioko nyumbani. Mke na watoto wanalipa deni la ofisi ambayo hawajawahi kuikanyaga.

Waajiri wengi watasema hayo ni mambo ya hospitali na familia, wao wanataka kazi. Basi tuzungumzie kazi.

Mwaka 2015 watafiti wa Israeli walichapisha matokeo ya jaribio la timu 24 zinazohudumia watoto wachanga mahututi. Kila timu ilipewa zoezi lilelile la kuigiza: mtoto njiti ambaye hali yake inazorota ghafla kwa ugonjwa wa utumbo. Kabla na wakati wa zoezi, mtu aliyetambulishwa kama mtaalamu kutoka nje alizungumza nao. Kwa baadhi ya timu alizungumza kawaida. Kwa nyingine alitupia maneno ya dharau kuhusu kiwango cha udaktari wa nchi yao. Hakutukana, hakupiga meza. Timu zilizodharauliwa zilifanya vibaya zaidi katika kutambua ugonjwa na katika kazi za mikono, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba wanatimu walipunguza kupeana taarifa na kuombana msaada. Hayo yalikuwa maneno machache ya mgeni ambaye wasingemwona tena. Muuguzi anayeyasikia kila zamu, tena kutoka kwa mtu huyohuyo anayempa alama kwenye PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, yuko katika hali gani anapochanganya dawa?

Ubaya zaidi ni kwamba makosa yenyewe hufichwa. Katika miaka ya 1990 Amy Edmondson wa Marekani alichunguza makosa ya utoaji dawa katika timu za wauguzi, akitarajia kwamba timu zenye uongozi mzuri zingekuwa na makosa machache. Akakuta kinyume: ndizo zilizokuwa na makosa mengi kwenye rekodi. Alipochimba zaidi alielewa kwamba timu hizo zilikuwa zinayasema makosa yao, na nyingine zilikuwa zinayafunika kwa hofu. Kwa hiyo, ndugu mwajiri, idara yenye rejesta safi ya makosa na bosi anayeogopwa ndiyo ya kukaguliwa kwanza. Kiwandani kosa lililofichwa hutokea baadaye kama mzigo uliorudishwa na mteja, kwenye hesabu hutokea kwa mkaguzi, kwenye gari la kampuni hutokea barabarani, kwa sababu dereva aliona breki zinalegea akaogopa kuulizwa, "Wewe ndiye umeiharibu?"

Halafu kuna mgomo baridi. Mfanyakazi aliyedhalilishwa haandiki barua ya kugoma, ila anafanya kile alichoelekezwa tu, neno kwa neno, hata akijua kwamba maelekezo yamekosewa. Saa 9:30 ikifika yuko mlangoni. Mteja wa mwisho anaambiwa mtandao uko chini. ED, yaani ruhusa za daktari za kutofika kazini, zinaongezeka, hasa Jumatatu na siku za vikao. Stoo, vitu vidogovidogo vinaanza kupungua: karatasi, mafuta, vipuri. Wanaochukua huona kama wanajilipa fidia. Hatuutetei wizi, na mwizi achukuliwe hatua. Lakini kuajiri mlinzi wa pili bila kugusa kinachowafanya watu waone ofisi ni adui ni kuongeza gharama juu ya gharama.

Wengine wanachagua njia ya uchawa. Anayemsifu bosi asubuhi na kumpelekea maneno mchana anapona, kwa hiyo kila mwenye akili anajifunza kusifu na kupeleka maneno. Ndani ya mwaka mmoja idara imegawanyika, watu hawaachi karatasi mezani, hakuna anayemfundisha mwenzake kazi kwa kuogopa kunyang'anywa nafasi. Na wasimamizi wadogo nao huiga. Meneja akimfokea mkuu wa zamu, mkuu wa zamu anamfokea kibarua, na kibarua anamfokea mwanafunzi wa field. Watafiti wa uongozi wameuona mteremko huu mara nyingi, na ndiyo maana kumwondoa msimamizi mdogo wa chini peke yake mara nyingi hakutibu kitu. Angalieni aliyeko juu yake.

Kama madhara ni makubwa hivyo, kwa nini mabosi wengi wanaamini kwamba ukali huu unafanya kazi? Hawasemi uongo, wanaona matokeo kwa macho yao, ila wanayasoma vibaya. Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alielezea jinsi wakufunzi wa marubani wa jeshi la anga la Israeli walivyombishia alipowafundisha kwamba sifa hujenga kuliko karipio. Mkufunzi mmoja alimwambia kwamba akimsifu rubani aliyeruka vizuri sana, safari inayofuata rubani huyo huharibu. Akimfokea aliyeharibu, safari inayofuata anaboresha. Kahneman aliona kosa lilipo. Siku mbaya sana kwa kawaida hufuatwa na siku ya wastani, na siku nzuri sana vilevile hufuatwa na siku ya wastani, awepo wa kufoka au asiwepo. Anayefoka kila mtu akiharibu ataona kila mara kwamba kufoka kumeleta nafuu. Ataishi na imani hiyo hadi anastaafu, na atairithisha kwa anayefuata. Kuna na sababu ya pili. Hofu huinua haraka kile kinachohesabiwa, kwa mfano idadi ya mafaili yaliyofungwa au katoni zilizopakiwa, na hushusha kile kisichohesabiwa: ubora, tahadhari, mawazo mapya, mtu kumwambia mwenzake "hapa umekosea". Robo ya kwanza ya mwaka bosi anapongezwa. Bili inakuja robo ya tatu, na kufikia hapo huenda ameshapandishwa cheo.

Sasa njia ya kumwona. Msianze na umbea. Kaeni na karatasi. Chukueni kila idara au zamu kwa miezi 24 iliyopita, na kwa kila moja hesabuni mambo haya: walioacha kazi, walioomba uhamisho, siku za ED, barua za kujieleza zilizotolewa na nani aliyezisaini, na siku za likizo ambazo watu hawakuruhusiwa kuzichukua. Msilinganishe idadi tupu. Gawanyeni kwa wastani wa idadi ya watu kisha zidisheni kwa 100. Tuseme idara ya watu 20 imeondokewa na watu 6: hiyo ni asilimia 30. Ya watu 40 imeondokewa na 4: hiyo ni asilimia 10, japo kwa haraka tofauti ya 6 na 4 inaonekana ndogo. Linganisheni idara zinazofanya kazi zinazofanana, kwa sababu zamu ya usiku, kituo cha mbali au mshahara mdogo navyo huwafukuza watu, na bosi asibebeshwe yasiyo yake. Kikosi cha watu 4 au 5 kisihukumiwe kwa takwimu za mwaka mmoja, maana mtu mmoja tu akiondoka asilimia inaruka. Dalili yenye nguvu kuliko zote ni hii: msimamizi anapohamishwa kitengo, takwimu mbaya zinamfuata kule alikokwenda, na kule alikotoka zinashuka.

Mahojiano na anayeacha kazi yafanyike, lakini yasifanywe na bosi wake, wala barua ya utambulisho kwa mwajiri mpya isitegemee saini ya bosi huyo. Vinginevyo kila mtu ataandika kwamba anaondoka "kwa sababu za kifamilia". Ukipiga simu miezi 3 baadaye, mtu akishatulia kwenye kazi mpya, utapata majibu tofauti kabisa.

Dodoso la siri nalo linasaidia likifanywa kwa uangalifu, na likifanywa ovyo linaumiza watu. Maswali yasizidi 10, yawe ya kuweka alama tu, bila sehemu ya kuandika kwa mkono, kwa sababu miandiko inajulikana. Yaulize matendo na idadi ya mara: "Katika miezi 3 iliyopita, msimamizi wako amekusema vibaya mbele ya wenzako mara ngapi?" Swali kama "Je, bosi wako ni mzuri?" halipimi kitu. Matokeo ya kundi lenye majibu chini ya 5 yasitolewe peke yake. Yaunganishwe na kundi jingine. Msiulize umri, jinsia na miaka ya kazi kwa pamoja kwenye kitengo kidogo, maana mambo hayo matatu yanatosha kumtambua mtu. Na sanduku la maoni, ambalo kila ofisi inajivunia, liondolewe chini ya kamera, na ufunguo wake usikae kwa katibu muhtasi wa yuleyule anayelalamikiwa. Masanduku mengi hayana barua kwa sababu hiyo tu.

Malalamiko yakishaletwa, makosa ya ofisi huwa yaleyale. La kwanza ni kumwita mlalamikaji na bosi wake chumba kimoja "myamalize". Usuluhishi wa namna hiyo unafaa kwa watu wenye nguvu sawa. Mwenye hofu atasema yameisha, na kesho yake adhabu inaanza. La pili ni kumhamisha mlalamikaji, jambo ambalo kila mtu atalisoma kama adhabu. Wakati wa uchunguzi, mlalamikaji abaki mahali pake, ila abadilishiwe bosi wa kuripoti kwake: kazi zake zipokelewe na msimamizi mwingine kwa muda. La tatu ni kuuliza mashahidi maswali ya tabia. Ahojiwe mmoja mmoja, na watu wawili, mmoja akiandika. Aulizwe aliona nini, alisikia maneno gani, siku gani, nani mwingine alikuwepo. Kisha asome alichoandikiwa na kukisaini. Wiki 3 zinatosha kwa shauri la kawaida. Likivuka miezi 2, watu huhitimisha kwamba ofisi imechagua upande.

Kinga dhidi ya kisasi iwe ya kimatendo. Kwa miezi 6 baada ya malalamiko, barua yoyote ya kujieleza, uhamisho, kukataliwa likizo au alama mbaya ya utendaji inayotoka kwa bosi huyo kwenda kwa mlalamikaji au shahidi isiwe na nguvu mpaka isainiwe pia na mkubwa mwingine aliyesoma sababu zake.

Na bosi mwenyewe? Wengi walikuwa mafundi bora, wahasibu bora, madaktari bora, wakapewa watu wa kuwasimamia kama zawadi ya ubora huo, bila kufundishwa hata siku moja jinsi ya kumwambia mtu amekosea. Semina ya siku moja hotelini haibadilishi kitu ikiwa Jumatatu anarudi kwenye malengo yaleyale na mkubwa anayemfokea yeye. Kinachosaidia ni kumwandikia matendo anayopaswa kuacha, kwa mfano kusahihisha kazi za watu kwenye kundi la WhatsApp, kutuma maagizo ya kawaida baada ya saa 2 usiku, kutishia kazi ya mtu kwa mdomo. Apewe siku 90 na mtu wa kumfuatilia kila wiki 2, kisha dodoso lirudiwe. Isipobadilika, aondolewe kusimamia watu. Ofisi iwe na ngazi ya kitaalamu inayomruhusu fundi hodari kupanda mshahara bila kupewa watu. Ofisi nyingi hazina ngazi hiyo, na ndiyo maana anayetaka nyongeza hana njia nyingine ila kuwa bosi.

Upo pia unyanyasaji unaopangwa kwenye bodi, ambao hauhusu hasira za mtu mmoja. Kampuni ya simu ya France Télécom kati ya mwaka 2006 na 2008 ilitaka kupunguza watu 22,000, wengi wao wakiwa na ajira ya kudumu ambayo haikuwa rahisi kuivunja. Ikawahamisha watu ovyo, ikawashusha kazi, ikawapima mameneja kwa idadi ya waliowafanya waondoke. Mahakama ya Paris ilichunguza kesi za waathirika 39, kati yao 19 walijiua. Desemba 2019 kampuni na waliokuwa viongozi wake, akiwemo mkurugenzi mkuu Didier Lombard, walitiwa hatiani kwa unyanyasaji wa kitaasisi, na Januari 2025 mahakama ya juu ya rufaa ya Ufaransa ikaithibitisha hatia ya viongozi hao. Taasisi yoyote hapa nchini inayotaka kupunguza watu bila kulipa stahili za kupunguzwa, ikaanza kuwachosha ili "wajiondoe wenyewe", ijue imeingia njia hiyohiyo.

Kwa mfanyakazi aliyeko ndani ya hali hii tuna mambo machache, na tunaomba asome hadi mwisho kabla ya kuchukua hatua. Awe na daftari lake mwenyewe, lisikae ofisini. Kila tukio aliandike siku hiyohiyo: tarehe, saa, mahali, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, nani alikuwepo, kazi gani ilikuwa inafanyika na nini kilifuata. "Ananichukia" haisaidii mbele ya msuluhishi. "Tarehe 14, saa 4:20 asubuhi, mbele ya watu 6, alisema hivi" inasaidia. Maagizo ya mdomo ayarudishe kwa barua pepe fupi yenye heshima: "Bosi, kama ulivyonielekeza asubuhi hii, naendelea na kazi hii kwa utaratibu huu." Ujumbe wa simu autunze nje ya simu ya ofisi. Nyaraka za siri za mwajiri asizibebe nyumbani, maana hilo ni kosa linaloweza kuizika kesi yake yote. Na usingizi ukiharibika kwa zaidi ya wiki 2, akikosa hamu ya kula na ya kazi, au mawazo ya kujidhuru yakimjia, aende hospitali bila kusubiri. Likizo ya ugonjwa kwa sheria za Tanzania Bara ni siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, na sonona ni ugonjwa kama malaria ilivyo, mradi daktari anayetambulika ameithibitisha.

Kuacha kazi kwa hasira ndiko kunakowaponza wengi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatambua kwamba mwajiri akifanya kazi isivumilike hadi mfanyakazi akajiuzulu, huko ni kuachishwa kazi na mwajiri. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, kanuni ya 7, zinaeleza mazingira yake, na zinatarajia mfanyakazi awe ametumia kwanza njia za ndani za malalamiko, isipokuwa awe na sababu nzuri ya kutozitumia. Kwa hiyo malalamiko ya maandishi yaliyogongwa muhuri wa kupokelewa yana thamani kubwa. Na barua ya kujiuzulu iseme sababu halisi. Anayeandika "najiuzulu kwa sababu binafsi, nawashukuru kwa ushirikiano" amejifungia mlango kwa mkono wake, kwa kuwa katika shauri la aina hii mfanyakazi ndiye anayeanza kuthibitisha kwamba alilazimishwa. Baada ya hapo saa inakimbia: shauri la kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa Fomu Na. 1 ndani ya siku 30. Migogoro mingine ndani ya siku 60. Mwajiri apewe nakala, na uthibitisho wa kuipokea utunzwe. Anayesubiri mwajiri "atanipigia tu tuelewane" hujikuta siku ya 40 akiomba kuongezewa muda, na maombi hayo hayakubaliwi kirahisi. Mtumishi wa umma analazimika kumaliza kwanza njia za rufaa zilizomo katika sheria ya utumishi wa umma kabla ya kukimbilia huko. Zanzibar ina sheria yake, ya mwaka 2005.

Dada wa kazi hana ofisa utumishi wala kabati la mafaili, na bosi wake analala chumba cha pili. Yote tuliyoyaeleza juu ya usingizi na hofu yanamhusu mara mbili. Kwake yeye msaada wa karibu ni CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa hoteli, majumbani na kazi nyinginezo, na jirani asiyejifanya hasikii.

Tunamalizia kwa ombi kwa vyama vya wafanyakazi na waajiri. Utafiti wa Shirika la Kazi Duniani uliotolewa Desemba 2022 ulikuta kwamba asilimia 22.8 ya walio kwenye ajira duniani wamewahi kukumbana na ukatili au unyanyasaji kazini, na ule wa kisaikolojia ndio uliotajwa na wengi zaidi, asilimia 17.9. Shirika hilo lilikwisha kupitisha Mkataba Na. 190 mwezi Juni 2019, unaohesabu madhara ya kisaikolojia na ya kiuchumi sawa na ya mwili, hata kama tukio ni moja. Majirani zetu Uganda na Rwanda waliuridhia mwaka 2023. Hakuna kinachozuia maana hiyo kunakiliwa leo kwenye mkataba wa hali bora wa kiwanda, benki au hospitali yoyote. Kipengele chenyewe ni kifupi: maana ya unyanyasaji, njia mbili za kupeleka malalamiko, moja isiyopita kwa bosi, siku 2 za kazi za kukiri kupokea na siku 21 za kukamilisha uchunguzi, ile kinga ya miezi 6, na takwimu za kila idara kuletwa mbele ya chama mara moja kwa mwaka. Rasimu iwe mezani kabla ya kikao cha kwanza cha majadiliano, kwa sababu hoja ya mshahara ikishafunguliwa, mengine yote huahirishwa hadi mkataba unaofuata.

Ni sisi wasomaji wenu,
Maofisa utumishi wa sekta binafsi,
Morogoro